Miaka 4 na Miaka 75

Ndugu msomaji, katika filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Ridley Scott, mna viumbe walioundwa mfano wa watu, wakapewa umri wa miaka 4 tu. Mmoja wao, Roy Batty, anamwendea bwana aliyemuunda amwombe nyongeza. Bwana hana la kumpa, naye anamuua.

Hapo filamu inateleza: imemvisha cheo cha muumba mtu asiyeweza kujikinga mwenyewe na mauti. Muumba ni Mmoja, Aliye hai asiyekufa.

Lakini mwisho wake una mazingatio. Mtu aliyetumwa kumuua Batty anateleza ukingoni mwa jengo. Batty anamdaka, anamvuta juu, kisha anakata roho mvuani.

Kisa hicho kiliwekwa katika mwaka 2019. Mwaka huo ulipofika, Rutger Hauer, aliyeigiza Batty, alifariki dunia kwelikweli, mwenye miaka 75. Minne ilikwisha, na sabini na mitano ikakwisha vile vile.

Basi tusiulizane imebaki mingapi. Tuulizane: leo tumemwokoa nani, tumemsamehe nani? Nami niliyekwisha pita 60 naanza na nafsi yangu.

Wabillahi tawfiq.