Fundi Asiyekimbilia Spana

Taa nyekundu ya joto kwenye dashibodi haina maneno mengi. Inasema injini imepata moto kupita kiasi, basi. Haisemi kama maji yamevuja, feni imekufa, themostati imekwama au gasketi ya hedi imeungua. Katika magari mengi madogo ya Kijapani yaliyojaa barabarani kwetu, hata mshale wa joto haupo: injini ikiwa baridi inawaka taa ya buluu, ikishapata moto wake taa inazima, na mambo yakiharibika inakuja nyekundu. Hapo katikati dereva hana habari yoyote. Kazi ya kujua kilichotokea ni ya fundi, na ni kazi inayotenganisha fundi na mfungua nati.

Mtazame fundi wa kweli, awe Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi. Gari linasukumwa mpaka mbele yake, boneti inafuka mvuke, mwenyewe anatokwa jasho. Fundi haendi kwenye spana. Anauliza:

“Bosi, taa iliwaka ukiwa wapi?”

“Kwenye foleni ya Buguruni, fundi.”

“Ukitembea inazima?”

“Nikipata barabara wazi inazima yenyewe.”

Majibu hayo mawili yameshapunguza washukiwa. Gari likitembea, upepo unapita kwenye rejeta na kupoza maji. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Joto linalopanda kwenye foleni na kushuka kwenye mwendo humwelekeza kwanza kwenye feni: mota, fyuzi, rilei au sensa. Anawasha kiyoyozi na kusikiliza, kwa sababu katika magari mengi feni hulazimika kuzunguka kiyoyozi kikiwaka. Ikizunguka, mota ni nzima, atafute kwenye sensa na nyaya. Hajafungua nati hata moja.

Jibu lingekuwa jingine, njia ingekuwa nyingine. Gari lililotulia mjini likaja kuchemsha kwenye mlima wa Kitonga, likiwa limepakia mzigo wa Iringa, humtia shaka ya rejeta iliyoziba. Linalopata moto dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi humtia shaka ya themostati iliyogoma kufunguka, au maji yaliyokwisha. Linaloongezwa maji kila wiki bila kuacha hata tone chini ndilo analoliogopa zaidi, maana maji hayo yanakwenda mahali yasikotakiwa, ndani ya injini.

Baada ya maswali, anasubiri injini ipoe. Hapa ndipo wateja wengi huchoka na hapa ndipo ufundi ulipo. Mfuniko wa rejeta huandikwa namba kama 0.9 au 1.1, ndicho kipimo cha mgandamizo unaoushikilia. Chini ya mgandamizo huo maji hayachemki kwa nyuzi 100, bali kwa takriban nyuzi 120. Ukiufungua yakiwa ya moto, mgandamizo unatoweka na maji yaliyokuwa yametulia yanalipuka kuwa mvuke usoni mwako. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi kama 95 tu, kwa hiyo huko mfuniko uliolegea huleta balaa mapema zaidi. Kifaa cha bei ndogo kabisa, na wengi hukikumbuka mwisho. Fundi mzuri huanza nacho: anakagua mpira wake, springi yake, na vali ndogo ya katikati inayoruhusu maji kurudi kutoka kwenye chupa ya akiba. Vali hiyo ikikwama, injini ikipoa utaona mpira wa juu wa rejeta umebonyea.

Kisha vinafuata vidole. Anaiwasha injini na kushika mpira wa juu, halafu wa chini. Themostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88; juu pakiwa moto na chini pakabaki baridi, ama haijafunguka ama rejeta haipitishi. Anapapasa rejeta yenyewe kutafuta sehemu za baridi, ambako mirija imeziba kwa kutu na chumvi ya maji ya kisima. Mipira ikikakamaa mara tu injini baridi inapowashwa, anajua gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Anachomoa kijiti cha oili kuona kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ananusa moshi mweupe wa eksozi. Kulanti inayoungua ina harufu tamu.

Geji nayo haiamini kwa upofu. Sensa hupima kilichoigusa. Maji yakikauka ikabaki hewani, mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Dereva anashangilia, fundi anazima haraka, kwa sababu hedi ya alumini hutanuka karibu mara mbili ya bloku ya chuma iliyofungwa nayo, na joto likizidi hupinda.

Kuna jambo moja linalompima fundi kuliko yote: ombi la kutoa themostati. “Itoe tu, nchi yetu ni ya joto.” Anakataa. Injini isiyofikia joto lake hunywa mafuta na kulika mapema. Tena, kwenye injini nyingi themostati hufunga njia ya mkato inapofunguka. Ukiitoa, maji mengi hupita mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari unalotaka lipoe linachemsha zaidi. Anafunga mpya, anasafisha mfumo mpaka maji yatoke meupe, anajaza kulanti inayotakiwa na injini hiyo bila kudanganywa na rangi yake, halafu anatoa hewa: pua ya gari imeinuliwa, hita imefunguliwa, mipira inaminywa taratibu mpaka mapovu yaishe. Hatoki hapo mpaka feni iwake na kuzima yenyewe zaidi ya mara moja.

Tatizo ni namna tunavyomlipa. Aliyefungua hedi bila sababu anaondoka na fedha nyingi, kwa kuwa tumeona jasho na vyuma chini. Aliyegundua kwamba kosa ni mfuniko anapewa ya soda, kwa kuwa “hajafanya kitu.” Malipo ya namna hiyo yanawafundisha vijana wa gereji kufungua kwanza na kufikiri baadaye.

Basi, msomaji, taa nyekundu ikiwaka, simama pembeni, zima injini, usimwagie maji baridi na usiguse mfuniko. Mweleze fundi ulikuwa wapi, ulikuwa unatembea au umesimama, na mara ya mwisho uliongeza maji lini. Akikuambia usubiri ipoe, subiri. Na akikuonyesha ugonjwa bila kubomoa injini yako, mlipe kwa ugonjwa aliougundua, si kwa idadi ya nati alizofungua.