Maganda ya Mgomba, Picha ya Kwetu

Kumchorea mtu asiyewahi kufika kwenu ni kazi ngumu kuliko kujichorea mwenyewe. Jirani ukimpa mistari miwili ya mlima, mlima wote anaujua. Mgeni hana cha kujazia; usichokiweka, kwake hakipo. Ndiyo maana picha ambazo wanafunzi hubadilishana na shule za ng'ambo nazitazama polepole, nikitafuta mahali ambapo mtoto alisimama akajiuliza: huyu wa mbali ataelewa?

Chukua Luhwindja, eneo linaloongozwa na Mwami, yaani chifu wa jadi, katika teritware ya Mwenga, Kivu Kusini, nchini Kongo, kwenye milima iliyo kusini-magharibi mwa Bukavu. Wageni wengi wamelisikia jina hilo kwa sababu ya dhahabu. Mgodi wa Twangiza, uliojengwa na kampuni ya Banro ya Kanada, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2011, na watu walioishi juu ya machimbo wakahamishiwa mahali paitwapo Cinjira. Lakini mtoto akiambiwa aonyeshe kwao, ana mengi ya kuonyesha mbali na dhahabu. Kuna ng'ombe, ambaye kwa Bashi, wenyeji wa milima hii, ndiye mahari yenyewe. Kuna mpira wa majani makavu ya mgomba uliokazwa kwa kamba. Na kuna mama anayepanda mlima na mzigo.

Mzigo huo si mchezo kuuchora. Katika milima ya Bushi, nchi ya Bashi, wanawake hubeba mgongoni, na ukanda unaoushika hupita kwenye paji la uso. Anayejua ubebaji wa pwani, ndoo kichwani na shingo wima, akichora hivyo hapa atakuwa amemchora mtu mwingine kabisa. Kichwa lazima kisukume mbele, shingo ikaze, mgongo uiname, macho yatazame njia iliyo karibu na vidole vya miguu. Mtoto ambaye amemfuata mama yake kwenye mteremko huo hana haja ya kufundishwa ulalo wa mgongo. Anachohitaji ni muda wa kutosha na ruhusa ya kufuta.

Vifaa navyo havikosekani mahali penye migomba. Mafundi wa Kongo hutengeneza picha kwa maganda ya shina lake, na hiyo ni kazi ambayo hata darasa lisilo na sanduku la rangi linaweza kuifanya vizuri. Shina la mgomba ni maganda yaliyokumbatiana. La nje, lililokaukia palepale, huwa la kahawia nzito, lenye mabaka meusi. Kadiri unavyobandua kwenda ndani, rangi inafifia hadi kuwa ya maziwa. Rangi zote za udongo zimo humo, anasubiriwa tu mwenye jicho la kuzipanga. Ganda hukatwa vipande, hulainishwa kwa maji kidogo, hukandamizwa chini ya jiwe au vitabu mpaka linyooke. Uji mzito wa unga wa muhogo unatosha kuwa gundi. Ukizidisha maji, ganda linajikunja na kung'oka. Ukiyapunguza mno, ukingo haushiki.

Na ganda lina nyuzi, nyuzi zina mwelekeo. Hapo ndipo ninapomtambua fundi. Nyuzi zikisimama, ukuta wa nyumba unasimama. Zikilazwa mshazari, mlima unaanza kuteremka bila mstari hata mmoja wa kalamu. Ubandikaji huanzia kilicho mbali: anga, kilima cha nyuma, shamba la maharage, nyumba, ndipo mtu awekwe juu ya vyote. Ukimbandika mtu mapema, kilima kitamfunika miguu.

Mwalimu wa kazi hii anahitaji uvumilivu wa namna yake, hasa tangu shule ya msingi ya umma ilipofanywa bure nchini Kongo mwaka 2019 na madarasa kufurika. Njia ya mkato ni kuchora nyumba ubaoni na wote wakaiga. Zitatoka nyumba nyingi na hakuna ya mtu. Kongo ina mfano mzuri wa njia ile nyingine: mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akakataa kuwapa vijana mifano ya Ulaya waifuate. Pili Pili Mulongoy akajaza nafasi zake kwa vidoto na viumbe vya majini, Mwenze Kibwanga akafuma miili kwa mistari myembamba, Bela Sara akachora kwa ncha za vidole. Mwalimu mmoja, mikono mitatu isiyofanana. Mwanafunzi akikwama, swali la "mama yako hushika wapi mkono akiteremka?" humsaidia kuliko kumshikia kalamu.

Uhaba nao haujawahi kuzuia picha ya mtoto kufika mbali. Kadi ya salamu ya kwanza ya UNICEF, mwaka 1949, ilitokana na mchoro wa Jitka Samkova, msichana wa miaka saba wa Chekoslovakia, aliyeshukuru kwa msaada uliofika kijijini kwao baada ya vita. Karatasi hazikuwepo, akachora juu ya kioo. Wasichana wake wanacheza kuzunguka mlingoti, na dunia nzima ikauona mchoro huo.

Ila yeye alikuwa anashukuru, na mabadilishano si shukrani. Picha ikitoka Luhwindja, kinachostahili kurudi ni picha. Si katoni ya kalamu wala barua ya kusifu watoto wa mbali. Darasa la ng'ambo, tuseme la Toronto, nalo litafute kitu kinachookotwa karibu na nyumba zake, magome, magazeti au uzi, likae nacho siku nyingi kama darasa la Luhwindja, likate, libandike, ling'oe na kubandika upya. Kisha liandike nyuma ya kila picha jina la aliyeitengeneza na namna alivyoitengeneza, ili mafundi wa upande wa pili wapate la kujaribu.