Njia Ndiyo Inayojenga Mji: Kukosoa Fikra Potofu

Ipo fikra inayorudiwa vikaoni na madarasani kwamba Dar es Salaam imepanuka ovyo kwa sababu wananchi ni wakaidi, hawafuati ramani. Sisi tunaona fikra hii ni potofu, na hatuna budi kuikosoa kwa kuitazama historia.

Mji hufuata njia ya mali. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Ujiji iliishia Bagamoyo, na Bagamoyo ikastawi. Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, wakaanza kujenga reli mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo ikadorora. Je, wakazi wake walikuwa wakaidi? La hasha. Njia ya mali ilikuwa imehama. Reli hiyo ilikuwa ya kusomba mazao kuyapeleka bandarini, na mji ukapangwa kwa shabaha hiyo hiyo.

Baada ya Uhuru hatukuibadilisha sura hiyo vya kutosha. Makazi yalifuata barabara nne, yaani Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, kama vidole vya mkono. Bandari, ofisi, Muhimbili na Soko la Kariakoo vikabaki kiganjani. Shirika la UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilielemewa, na mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa. Mwenye basi hufuata abiria wengi, basi hubaki barabara kuu; mjenzi maskini naye hulifuata basi.

Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ni hatua njema. Lakini nayo yalipita kwenye kidole kile kile kuelekea kiganja kile kile. Tena barabara ikijengwa kwa fedha za umma, bei ya viwanja vya kandokando hupanda. Mwenye kiwanja huvuna asichopanda. Mpangaji husukumwa mbali, akalipa kwa nauli na kwa usingizi wake. Hilo ndilo suala la tabaka ambalo ramani haionyeshi.

Kwa hiyo usafiri na ardhi viamuliwe katika kikao kimoja, kabla tingatinga halijaingia. Maeneo ya makazi ya wafanyakazi yatengwe karibu na vituo, na kazi na huduma zisogezwe vidoleni. Tangu mwaka 2024 treni za reli ya kisasa zinafika Dodoma. Viwanja vinavyozunguka stesheni zake ndivyo vitakavyoonyesha kama tumejifunza.