"Soko Limepanda": Soko Lipi?

Katika toleo hili tungependa kukosoa sentensi moja ambayo wanafunzi wetu wa tafsiri huikuta mara kwa mara katika taarifa za biashara kutoka Nairobi: "Soko la hisa limepanda leo." Kisarufi haina kasoro. Kasoro yake ni ya maana.

Soko la Nairobi lina kampuni zipatazo 60. Safaricom iliingia sokoni humo Juni 2008 ikiwa na hisa bilioni 40, robo yake zikiwa zimeuzwa kwa shilingi 5 kila moja. Mwaka 2021, bei ilipopita shilingi 40, kampuni hiyo peke yake ilibeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima. Kufikia mwaka 2023 bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 15. Aliyesikia wakati huo kwamba "soko limeanguka" alikuwa akisimuliwa, kwa sehemu kubwa, habari za kampuni moja. Mwenzetu mmoja mwenye hisa chache za benki nusura aziuze kwa taarifa ya namna hiyo, ilhali bei ya hisa zake siku ile haikutikisika.

Je, uzito huo hupimwaje? Njia iliyozoeleka ni kujumlisha sehemu za kampuni tano kubwa. Ni rahisi, lakini inaficha mengi. Tuchukue masoko mawili, kila moja likiwa na kampuni ndogo 20 zenye asilimia 1 kila moja. Katika soko la kwanza, kampuni tano kubwa zina asilimia 16 kila moja. Katika la pili, moja ina asilimia 60 na nne zilizobaki zina 5 kila moja. Yote mawili yatatangazwa kuwa na asilimia 80 mikononi mwa kampuni tano, kana kwamba ni pacha.

Kipimo cha Herfindahl na Hirschman kinatufaa zaidi. Sehemu ya kila kampuni huzidishwa kwa yenyewe, kisha majibu yote hujumlishwa. Ukigawa 1 kwa jumla hiyo, unapata idadi ya kampuni zilizo sawa ambazo zingetoa jibu lilo hilo. Soko letu la kwanza linatoa kampuni karibu 8; la pili halifikishi hata 3. Na kampuni moja ikishika nusu ya soko, idadi hiyo haiwezi kuzidi 4, hata zilizobaki ziwe mia. (Wanafunzi wanaodai kwamba waliikimbilia Idara yetu ili kuikwepa hesabu watuwie radhi.)

Lugha nayo imechangia utata. Baadhi ya watafsiri huiita hali hii "ukiritimba", nasi hatukubaliani nao. Ukiritimba unahusu biashara yenyewe: nani anauza simu, nani anauza bia. Kampuni inaweza kuwa na washindani wengi madukani na bado ikawa ndiyo nzito kuliko zote katika soko la hisa. "Ukolezi" ni neno sahihi, ingawa linanukia maabara ya kemia. Katika taarifa ya redio tungeridhika na kusema kwamba soko limeegemea kampuni moja. Hata asiyesomea uchumi ataelewa.

Hapa Kampala pia tusijione tumesalimika. Fahirisi ya hisa zote inajumuisha kampuni za Kenya zilizoorodheshwa kwetu, kama vile KCB, kwa hiyo inaweza kupanda kwa mambo ya Nairobi. Ndiyo maana ipo fahirisi nyingine ya kampuni za humu nchini, ambayo watangazaji huisahau.

Nairobi nako kuna njia ya kujisahihisha. Fahirisi ya hisa zote iliyoanzishwa mwaka 2008 huipa kila kampuni uzito kulingana na thamani yake, lakini ile ya zamani ya kampuni 20 huzipa zote uzito sawa. Siku moja inapanda na nyingine inashuka, hapo pana habari. Muhula ujao, zoezi la kwanza la darasa la tafsiri litakuwa kuandika taarifa ya siku ya namna hiyo kwa sentensi tatu, bila neno "soko" kuwa kiima cha hata moja.