Boga na Haki ya Moto

Ziko kazi za jikoni zisifiwazo kwa wepesi wake, na ziko zisifiwazo kwa gharama yake; ama kuoka boga lililojazwa nyama na nafaka, kama wafanyavyo watu wa Marekani ya Kaskazini jalidi inapoanza kutanda mashambani, ni kazi inayostahili sifa ya namna nyingine, nayo ni sifa ya insafu. Mpishi wake hukutanisha vitu vilivyohitilafiana kwa tabia, kimoja kitamu na kimoja cha chumvi, kimoja chenye maji na kimoja kikavu, wala hawezi kuvipatanisha mpaka amekipa kila kimoja haki yake.

Nasaba ya boga ni ya kale. Mbegu zilizopatikana katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, zina umri upatao miaka 10,000, nazo zashuhudia kwamba watu wa bara lile walilima boga kabla hawajalima mahindi. Baadaye sana, kaskazini, watu wa Haudenosaunee walipanda mahindi, maharage na maboga pamoja, wakayaita dada watatu: mahindi huwa nguzo ya maharage, maharage huirutubisha ardhi, na majani mapana ya boga huifunika isikauke wala isiote magugu. Wenyeji hao walioka maboga katika jivu la moto karne nyingi kabla ya tanuri za chuma. Maboga na malenge yatambaayo katika mashamba yetu ya Afrika Mashariki ni ya ukoo huo huo, yaliyovuka bahari baada ya meli za Ulaya kufika Amerika.

Kwa kujazwa, hupendwa zaidi boga dogo la kijani lenye matuta, mfano wa aina ya Table Queen iliyotolewa na wauza mbegu wa Iowa mwaka 1913, ambalo nusu yake yatosha kumlisha mtu mmoja. Huvunwa ganda likiwa gumu hata ukucha hauwezi kulitoboa, na kikonyo huachwa mahali pake, kwani kiking'oka uozo hupata mlango. Likiwekwa ghalani mahali pakavu, penye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13, hudumu mwezi mmoja au zaidi, na baadhi ya jamaa zake wenye ganda nene hudumu nusu mwaka. Hivyo jua la kiangazi likawa riziki ya siku za theluji.

Mpishi stadi hulipasua toka kikonyo hadi kitako, akakomba mbegu na nyuzi, akaipaka nyama yake mafuta, chumvi na pilipili manga, kisha akaliinamisha juu ya sinia katika tanuri yenye joto la nyuzi 200. Ndani ya takriban dakika 40 mvuke wake wenyewe hulilainisha, na sehemu iliyogusa chuma hugeuka rangi ya asali. Hapo pahitaji hadhari: kisu kipenye bila kushindana, walakini ukuta usimame, maana boga lililolegea kupita kiasi haliwezi tena kubeba amana litakayopewa.

Wakati huo kijazo nacho hupikwa peke yake. Aghalabu hutumika mpunga wa mwituni, ambao Waojibwe wa Minnesota huuvuna maziwani wakiwa ndani ya mitumbwi, wakiyainamisha mashuke na kuyapiga kwa vijiti. Nafaka hiyo nyeusi huchemshwa hata ipasuke. Kitunguu na uyoga hukaangwa mpaka maji yake yakauke, nyama ya kusaga hutiwa ikaiva barabara, ndipo zikaja jozi zilizokatwakatwa na jibini kali kidogo. Kijazo na kiwe kikavu, kwa sababu boga litatoa maji. Na kizidi chumvi kidogo, kwa sababu boga litatoa utamu.

Ndipo ndoa ifungwe. Boga hugeuzwa, hujazwa hata kijazo kifanye kichuguu, hunyunyiziwa mkate mkavu uliofikichwa, na hurudishwa tanurini kwa dakika 20 bila kufunikwa. Mpishi wa pwani yetu, aliyezoea kupalia makaa juu ya kifuniko ili mkate wa kumimina uive chini na juu, ataifahamu mara moja hekima ya moto huu wa pili: haukuja kupika, kwani vyote vimekwisha iva, umekuja kuunganisha, mchuzi wa nyama ushuke ndani ya boga, na utamu wa boga upande ndani ya nafaka.

Mwenye haraka huvitia vyote vibichi pamoja, akitaraji kwamba moto mmoja utavitosha vyote, akavuna wali mbichi ndani ya boga lililopondeka. Kosa lake si uchache wa moto. Ni kutaka umoja kabla ya uadilifu. Kwa hiyo amfundishaye kijana kuoka boga hili humfundisha kuijua tabia ya kila kitu kabla ya kukichanganya na kingine, na maarifa hayo yatamfaa katika kila chungu atakachokiteleka maishani mwake.