Kuijaribu spika inayozunguka

Ukiwa Shauri Moyo, Nairobi, usiijaribu mchana. Nyundo za mafundi wa jua kali wa Kamukunji hupiga mabati kutwa, na mlio wake uko juu sana, palepale honi ya spika inapofanya kazi. Chombo kibovu hujificha humo. Ngoja jioni, nyundo zikishatulia.

Sauti ya spika inayozunguka ilizaliwa kwenye kabati la mbao la Mmarekani Don Leslie, aliyelitengeneza kwa ajili ya kinanda cha Hammond. Juu kuna honi, chini kuna pipa mbele ya spika kubwa, na huzungushwa na mota, kila kimoja kwa upande wake. Honi ina midomo miwili ila mmoja tu hutoa sauti. Wa pili ni wa kuleta mizani. Mdomo ukikujia, sauti hupanda kidogo. Ukikupa kisogo, hushuka. Mwendo wa polepole ni yapata mizunguko 50 kwa dakika, wa kasi yapata 400.

Siku hizi kuna pedali za gita zinazoiga kabati hilo, na kuzungusha sauti hata ya bei rahisi huweza. Pima pale mwendo unapobadilika. Piga nyuzi zote mara moja, ziache zivume, kisha bonyeza swichi. Honi ni nyepesi, huishika kasi kwa kama sekunde moja. Pipa ni zito, huchelewa sekunde kadhaa. Kwa kitambo hicho sauti za juu zimeshakimbia na besi bado inajikokota. Utamu wote uko hapo! Pedali inayoharakisha vyote kwa pamoja, irudishe.

Kwa muziki wetu jaribio la pili lina uzito zaidi. Benga huenda kwa noti mojamoja, zimekatwa safi, kama D. O. Misiani na Shirati Jazz walivyotuzoeza. Piga mstari wa namna hiyo kwa mwendo wa polepole. Kila noti isikike inapoanza. Ikipinda hadi gita likaonekana halijatyuniwa, mzunguko umezidi kina. Mimi mwendo wa kasi naubakiza kwa noti ndefu tu, maana solo na ridhim zikipishana, kasi huzivuruga zote mbili.

Kama unanunua kabati la mtumba, chomoa umeme, fungua ubao wa nyuma, uzungushe honi kwa kidole. Ikikwaruza, beringi zimekwisha. Mkanda ukilegea, kasi haifiki. Hayo fundi atayatengeneza. Honi iliyopasuka, usinunue.