Kipimo cha Imani

Katika midahalo ya shule zetu kuna swali lisilochoka kurudi: je, dini humfanya mtu awatendee wenzake mema zaidi, au mabaya zaidi? Upande mmoja hutaja shule na hospitali zilizojengwa na watu wa dini. Upande wa pili hutaja vita na mateso yaliyofanywa kwa jina la Mungu. Kengele hulia, kura hupigwa, na kila mtu huondoka na maoni aliyokuja nayo. Tatizo ni kwamba hesabu za pande zote mbili ni za kweli, na ukweli mmoja haufuti mwingine. Basi yatupasa kulitazama swali hili kwa njia nyingine: kwanza katika kitabu kimoja, kisha katika mambo yaliyotokea hapa hapa Eldoret.

Kitabu chenyewe ni The River Between, riwaya ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotolewa mwaka 1965. Humo mna matuta mawili yanayotazamana, Makuyu na Kameno, na mto Honia wapita katikati. Joshua, mhubiri wa Makuyu, ni mwamini wa kweli. Hofu yake ya Mungu haina unafiki. Lakini binti yake Muthoni anapotoroka kwenda Kameno kutahiriwa, Joshua amfuta moyoni kana kwamba hakuzaliwa, na habari ya kifo chake haimtoi chozi.

Msomaji wa haraka husema kwamba hapa mwandishi aishutumu dini. Na asome zaidi. Mkabala na Joshua amewekwa Kabonyi, aliyeiacha imani ile akawa mlinzi wa mila, naye aongoza Kiama, baraza lenye kiapo cha kulinda usafi wa kabila. Ni baraza hilo linalokabidhiwa Waiyaki mwishoni limhukumu, ingawa Waiyaki ndiye aliyewajengea watu shule. Joshua na Kabonyi wachukiana, lakini ukiwatia katika mizani uzito wao ni mmoja: kila mmoja amechora mpaka, na aliye nje ya mpaka huo hastahili huruma.

Sasa mtazame Muthoni. Yeye naye ni mwamini. Ataka kuwa Mkristo na papo hapo awe mwanamke kamili wa kabila lake, na akiwa mahututi asema kwamba amwona Yesu. Imani yake yaunganisha pale ya baba yake inapotenga. Hapa nina neno dogo la kumlaumu mwandishi: Muthoni afa mapema mno, na imani ya namna yake haipati mtu wa kuitia katika matendo. Twabaki na Waiyaki, ambaye atambua haja ya umoja, lakini ashughulika na shule na kuliahirisha neno la upatanisho. Siku anapoazimia kulisema, umati umekwisha kutiwa hofu, na maneno yake hayamwokoi. Katika kuahirisha huku, kwa maoni yangu, ndimo lilimo funzo kubwa la riwaya hii.

Tuliangalie funzo hilo katika nchi halisi. Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, ghasia zikazuka. Siku ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbia makwao walikuwa wamejificha katika kanisa la Kenya Assemblies of God huko Kiambaa, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Bila shaka walitumaini kwamba nyumba ya Mungu haingeguswa. Kundi la washambulizi likaitia moto. Wakafa watu wasiopungua 28, wengi wao wanawake na watoto.

Siku zizo hizo, mjini Eldoret, maelfu ya watu walipewa hifadhi katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Wengi wao walikuwa Wakikuyu, naye askofu aliyewapokea, Cornelius Korir, alikuwa Mkalenjin. Ni kweli kwamba ugomvi ule ulikuwa wa siasa na ardhi, si wa dini. Lakini wengi wa wakazi wa sehemu hizi, wa kila kabila, ni Wakristo. Kama kuamini peke yake kungetosha, moto wa Kiambaa usingewaka; na kama dini ingekuwa sumu tupu, lango la kanisa kuu lisingefunguliwa.

Ni nini basi kilicholifungua? Korir alikuwa askofu wa Eldoret tangu mwaka 1990 hadi alipofariki mwaka 2017. Mapigano ya kikabila ya mwanzo wa miaka ya 1990 yalimkuta kazini, na tangu hapo alijitia katika kazi ya kupatanisha, pamoja na baina ya Wapokot na Wamarakwet. Mwaka 2009 aliieleza njia yake katika kitabu kiitwacho Amani Mashinani. Njia hiyo haitegemei hotuba kubwa. Huanza na watu wachache. Kila upande husikilizwa peke yake. Kisha pande zote hukutanishwa, zikapewa kazi ya kufanya kwa pamoja. Kwa hiyo mwaka 2008 ulipoingia, lango lile lilikuwa limekwisha kuzoea kufunguliwa. Waiyaki aliahirisha, Korir alianza mapema.

Huenda ukanijibu kwamba huo ulikuwa wema wa mtu mmoja tu, na kwamba hata asiye na dini angeweza kuutenda. Angeweza, sikatai. Lakini imani ilimpa askofu vitu ambavyo mtu peke yake hana: mahali pa kukimbilia, wasikilizaji wa pande zote, na amri ya upendo isiyouliza kabila. Na ole wetu, vitu vivyo hivyo, yaani mahali, wasikilizaji na amri, vyaweza kutumiwa na mwingine kuhalalisha chuki.

Jambo hili si la Wakristo peke yao. Tarehe 21 Desemba 2015 wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Waliofyatua risasi na aliyepigwa walikiri dini moja.

Kwa hiyo nakushauri uliache swali la mdahalo, ushike jingine: dini ya mtu huyu imemzoeza kumtendea nini asiye wa kwao, katika siku za amani, kabla ya siku ya hatari? Swali hili halihitaji askofu wala vita. Laweza kuulizwa bwenini, katika foleni ya chakula, na katika vyama vya dini vya shule yako.

Utakapoirudia The River Between, usitosheke kuandika kwamba Joshua ni mkali na Kabonyi ni mwenye kijicho. Chukua kalamu, utie alama kila mahali Waiyaki anapopata nafasi ya kusema neno la upatanisho asiliseme. Zihesabu nafasi hizo. Kisha ujiulize, kwa siri ya moyo wako, ni ngapi kama hizo zimekupita wewe muhula huu.